Nakuja ya Kiingereza

Mwaka ule Semeni alipoanza kupika kwenye ofisi ya waongoza wageni, neno lililokuwa likitamba lilikuwa akchuali. Kila mwongozaji alilitanguliza mbele ya kila jambo, hata mbele ya jina lake: akchuali, naitwa Evance, akchuali, leo kuna jua. Baada ya masika mawili akchuali ikachuja kama kitenge cha bei rahisi, ikaingia besikali. Semeni alisikilizia yote hayo jikoni, nyuma ya pazia, na alipoisikia besikali mara ya kwanza alidhani wageni wanaahidiwa baisikeli. Akatoka uani kuangalia zimeegeshwa wapi. Alizunguka nyumba nzima, akakuta ndoo zake na mpera tu, akarudi kimya kumenya viazi. Ilimchukua wiki tatu kung'amua kwamba baisikeli hakuna na kitu kingine chochote hakuna. Neno lile lilikuwa la kupumzishia mdomo mtu anapotafuta la kusema. Mwaka huu besikali nayo ilikuwa inazeeka, na vijana walishahamia kwenye litrali.

Kiingereza cha Semeni kilikuwa cha kusikia tu. Shule aliiacha darasa la tano, mama yake alipougua mguu na wadogo zake wakakosa mtu wa kuwapikia, na tangu hapo hakukaa tena mbele ya ubao. Maneno aliyokuwa nayo aliyaokota moja moja kwenye vinywa vya wageni wakati anawamiminia chai: maji, jiwe, mguu, polepole, kuteleza. Hayo hayakuwa na msimu. Jiwe la mwaka juzi lilikuwa jiwe la mwaka huu.

Mwezi wa sita Yusuph, mmoja wa waongozaji, alipata kazi Mikumi akaondoka, na nafasi yake ikabaki wazi. Semeni aliitaka. Aliitaka tangu zamani, kabla hata haijawa wazi. Alizaliwa huko huko juu, kwenye milima ya Uluguru, kitongoji kilicho mbele ya Morningside, na kila kijia cha upande ule alikipita na kuni kichwani kabla hajajua kufunga kilemba. Lakini kila wageni walipopanda, yeye alikwenda nyuma ya msafara na vyakula mgongoni, na mwongozaji akikosea njia, yeye humgusa kwenye mkono wa shati na kumwonyesha kwa kidole, asije akamwaibisha mbele ya watu. Alichoka kunyoosha kidole. Alitaka kwenda mbele.

Kulisema hilo kulimgharimu siku nane. Alikuwa mtu wa kuongea ndani ya khanga. Wenzake walizoea kumwuliza jambo mara mbili na ya tatu wakaacha. Siku ya tisa aliingia kwa Mzee Bartholomeo, mkuu wa ofisi, mtu wa Bukoba aliyefanya ukarani miaka mingi kwenye mashamba ya miwa kabla ya kuja kufungua kazi hii mjini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Chai imeisha?"

Semeni akasema chai ipo, ila amekuja kuomba nafasi ya Yusuph. Mzee Bartholomeo alivua miwani. Akamwambia kwamba njia anazijua, hilo halina ubishi, lakini mwongozaji ni mdomo, na yeye mdomo wake hajawahi kuusikia ukimaliza sentensi. Semeni hakuondoka. Alisimama pale pale, ameshika ukingo wa meza, hata mzee akaanza kujisikia vibaya kuendelea na makaratasi yake. Mwishowe akasema kuna mgeni mmoja Jumamosi. Semeni atatangulia, Evance atafuata nyuma kumwangalia wala hatasaidia neno. Mgeni akirudi salama na ameridhika, kitambulisho cha mwongozaji kitaandikwa jina la Semeni. Akirudi na malalamiko, ni jikoni, na habari hii isizungumzwe tena.

Evance alikuwa kijana wa Mafiga, mcheshi, miwani ya jua siku zote juu ya kofia. Hakuwa mtu mbaya. Alipoambiwa habari ya Jumamosi alijitolea mwenyewe kumfunda.

"Una maneno, mdogo wangu, ila umeyaacha makavu," alimwambia, amekalia gunia la mkaa jikoni. "Kiingereza bila besikali ni wali bila nazi. Utalika, lakini nani atakusifia?"

Akampanga: besikali ukianza kuongea, akchuali ukikwama, litrali ukitaka kukazia. Mgeni akijikwaa, mwambie sori. Ukitaka kwenda pembeni mara moja, mwambie aimkaming. Hili la mwisho Semeni alilipenda kuliko yote, maana lilikuwa na maana, tena maana aliyoijua. Lilikuwa nakuja. Kuanzia Mafiga mpaka Mkuyuni, mtu akiinuka kwenye benchi kwenda kufuata chumvi anasema nakuja, na kila aliyekaa hapo anajua kwamba anaondoka na atarudi. Alilikariri siku tatu. Yale mengine aliyakariri pia, ila yalimkaa mdomoni kama meno ya kuazima.

Mgeni wa Jumamosi alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mrefu, mwenye fimbo mbili za kutembelea, ametoka nchi ya baridi ambako Kiingereza nacho ni cha kujifunza shuleni. Alikuwa amefundisha habari za mimea maisha yake yote, na alitaka kuona kwa macho yake ua moja dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye maji huko Uluguru. Semeni alijua lilipo. Wakiwa watoto walilichuma na kulibandika masikioni.

Walianza kupanda asubuhi, yeye mbele, mama mgeni katikati, Evance nyuma. Kwenye mti mkubwa wa kwanza Semeni alisimama, akameza mate, akatoa alichofundishwa. Besikali, akchuali, huu ni mti.

Mama mgeni aliutazama ule mti juu hadi chini. Kisha akauliza, polepole na bila kejeli yoyote, kwamba kama kimsingi ni mti, upo upande ambao si mti? Alitaka kujua kweli. Alikuwa ameshatoa daftari.

Nyuma yao Evance aliangua kicheko akakigeuza kikohozi. Semeni masikio yalimwaka moto. Alijaribu kueleza, akakwama, akasema akchuali kwa sababu ndivyo alivyoelekezwa kusema akikwama, na mama mgeni akasubiri kalamu mkononi hicho kitakachofuata akchuali. Hakikufuata kitu. Kuanzia hapo walipanda kimya mpaka Morningside. Semeni alikuwa anahesabu aibu yake hatua kwa hatua, lakini hata mara moja hakufikiri kumwomba Evance apite mbele.

Walipumzika, wakanywa chai ya chupa, wakaendelea kupita mashamba ya mboga na migomba mpaka pale msitu unapoanzia. Ukungu ukashuka. Simu ya Evance iliita. Akawaambia watangulie, yeye abaki pale kwenye tuta kwa kuwa mbele mtandao hakuna. Wakaenda wawili.

Njia ilipogawanyika Semeni alisimama. Mama mgeni akauliza ua liko upande gani, na Semeni akamwonyesha kwa mkono njia ya kushoto, ile pana inayoteremka kwenye maji. Lakini hakutaka kuiingia kabla ya kuikagua. Mvua za masika zilikuwa zimekula udongo sehemu nyingi, na ukipanda kidogo kwa kulia unauona mteremko wote wa chini kama uko kiganjani. Akamkalisha mama mgeni juu ya jiwe. Akajikusanya, akasema kwa Kiingereza safi, bila kutetemeka, lile neno alilolimudu kuliko yote.

"Aimkaming."

Akapanda kulia.

Alichokiona huko juu kilimfanya ashike mti. Ukungu ulipopasuka kidogo aliona ile njia ya kushoto imekatwa katikati kama mkate. Mbele kulikuwa na ukingo mbichi, mwekundu, na chini yake hakuna kitu mpaka korongoni. Akashukuru kwamba hakumpitisha mtu pale. Akateremka haraka kwenda kumwambia mgeni wake kwamba wanageuza.

Jiwe lilikuwa tupu.

Kwanza alidhani ameenda kujisaidia. Akaita kwa sauti yake ya jikoni, ile ya ndani ya khanga, na ukungu ukaimeza pale pale. Kisha akaona chini, kwenye udongo laini, vidoti viwili viwili vya fimbo. Vilielekea kushoto.

Miguu ilitaka kukimbia. Aliizuia. Akikimbia, yule mama atasikia vishindo nyuma yake na kuongeza mwendo kwa hofu, ama atageuka ghafla akanyage pabaya. Lililotakiwa ni asimame pale pale alipo, sasa hivi.

Kwao Semeni, mtoto wa miaka sita anatumwa kuita watu ng'ambo ya bonde waje kula. Hapandi wala hashuki; anasimama ukingoni, anafungua kifua, anaita, na mjomba aliye kwenye mlima wa pili anaweka jembe chini. Semeni aliita hivyo utoto wake wote. Ile sauti aliikunja siku alipohamia mjini, ambako watu wanakaa karibu karibu na kila mtu anakutazama. Sasa aliikunjua. Hakutafuta besikali wala akchuali. Yalitoka maneno matatu aliyoyasikia walimu wa watoto wa kizungu wakiwaambia watoto wao pale ofisini, makavu kama yalivyo.

"Stopu. Siti dauni. Klapu."

Bonde likayarudisha. Akayatuma tena, marefu zaidi. Simama, kaa chini, piga makofi. Akanyamaza kusikiliza, na kwa muda hakusikia chochote isipokuwa maji. Halafu, kwa mbali, pa. Pa, pa. Makofi ya mtu aliyevaa glavu.

Akayafuata. Kila yalipokoma aliita klapu, nayo yakaanza tena. Alimkuta mama mgeni amekaa juu ya mkoba wake katikati ya njia, fimbo zimelala pembeni, mikono bado imeinuliwa kama mtu aliye kanisani. Kutoka pale alipokaa mpaka kwenye ule ukingo mwekundu zilibaki hatua kama kumi na tano, na ukungu ulikuwa umeufunika wote.

Semeni alipita mbele yake, akatafuta jiwe la ukubwa wa ngumi, akalirusha kwenye njia. Walisikiliza wote wawili. Jiwe lilichelewa sana kufika chini.

Rangi ilimtoka yule mama. Akasema kwa Kiingereza chake cha kupima, "Ulisema unakuja. Ulinionyesha njia, ukasema unakuja. Nikaenda taratibu ili unifikie."

Hapo ndipo Semeni alipolielewa lile neno. Nakuja yao ilikuwa ya mtu anayeondoka. Nakuja ya Kiingereza ilikuwa ya mtu anayefuata. Alikuwa amemwambia mgeni wake tangulia, kwa mdomo wake mwenyewe, kwa neno alilolikariri siku tatu.

Angeweza kusema sori, kwa kuwa ndiyo ilikuwa kwenye orodha ya Evance. Lakini sori ilikuwa ya kujikwaa. Akachuchumaa ili macho yao yalingane, akatafuta maneno moja moja, akamwambia kwamba amesema vibaya, kwamba kosa ni lake, si la mgeni. Kisha akasimama, akampa mkono.

Walirudi namna hiyo: mguu hapa. Mkono hapa. Jiwe hili bovu. Subiri. Sasa. Hakuongeza neno lisilo na kazi, na mama mgeni hakuuliza swali hata moja, aliweka mguu pale alipoambiwa. Walipofika kwenye lile jiwe la kwanza nguvu zilikuwa zimemrudia, akaanza kuulizia ua lake. Amesafiri mbali. Hakuna njia nyingine? Njia nyingine ilikuwepo, ndefu, ya kuzunguka, na Semeni aliijua. Alitazama ukungu, akatazama magoti ya yule mama yalivyokuwa yakicheza.

"No," alisema. Hakuwahi kumwambia mgeni neno hilo, hata kwenye sukari.

Walimkuta Evance anapanda mbio, jasho linamtoka; alisikia ile sauti, mwanzoni akadhani ni watu wa kijijini wanaitana. Semeni alimweleza. Evance alivua kofia, akakaa chini. Kisha akamvuta pembeni.

"Sikia, Seme. Kausha. Mama yuko mzima, hana hata mchubuko. Tunasema alitangulia mwenyewe, wageni wana haraka, nani asiyejua? Ukisema wewe ulimwacha, kitambulisho hupati. Na mimi nilikuwa kwenye simu, tutaungua wote."

"Kaka Evance, neno lile mnalisema wote."

"Sasa?"

"Sasa wiki ijayo utamwacha mtu mwingine kwenye jiwe, na mimi nitakuwa jikoni, sipo wa kumwita."

Evance alivaa tena kofia yake. Alimwomba mara mbili zaidi njiani, mara ya pili akiwa karibu kukasirika, na mara zote Semeni alitikisa kichwa akaendelea kutangulia.

Mzee Bartholomeo alikuwa barazani anapunga upepo walipofika alasiri. Semeni hakupitia jikoni kama kawaida yake. Alimwamkia, akaeleza yote akiwa amesimama, toka kwenye njia panda mpaka kwenye lile jiwe lililochelewa kufika chini. Alieleza kwa Kiswahili, na alipomaliza akayarudia kwa Kiingereza alichokuwa nacho, ili mgeni asikie kwamba hakuna kilichofichwa. Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa. Evance muda wote alikuwa anatazama viatu vyake.

Mzee alimgeukia Evance. Akamwuliza yeye akimwacha mgeni huwa anasemaje. Evance akajibu kwa sauti ya chini. Mzee akamwuliza mama mgeni, naye akasema kwamba mtu akimwambia hivyo, yeye ataanza kutembea.

Mzee Bartholomeo aliinua macho mlimani, wakadhani amekasirika. Kumbe alikuwa amerudi miaka ishirini na tano nyuma, kwenye ofisi ya kiwanda cha sukari alikokuwa karani.

"Kulikuwa na injinia mmoja Mwingereza," alisema mwishowe. "Kila nikimwambia aimkaming niende kufuata faili, nikirudi namkuta ameshatoka, yuko kwenye gari ananisubiri amekunja uso. Miaka minne. Nikajua yule mtu ana dharau."

Mama mgeni alipofasiriwa alicheka mpaka akajifuta macho, na kucheka kwake kukalegeza miguu ya kila mtu. Lakini mzee hakulegea. Akamwambia Semeni kwamba sharti lilikuwa mgeni arudi salama na ameridhika. Amerudi salama kwa bahati na kwa mapafu ya Semeni, ua hakuliona, na kwenye njia panda aliachwa peke yake. Ukweli wake anaupokea kwa mikono miwili, ila kitambulisho hakitolewi kwa kusema ukweli. Arudi jikoni.

Wote walimtazama, wakijua atakavyofanya. Angeinamisha kichwa na pazia lingefungwa nyuma yake.

"Siendi, mzee," Semeni alisema. Sauti haikuwa ya mlimani, lakini ilitoka nje ya khanga. "Nipangie siku nyingine. Njia ya kuzunguka naijua. Nikikosea tena nitarudi jikoni mwenyewe, hutaniita."

"Na mgeni nimtoe wapi atakayekubali?"

Semeni alimgeukia yule mama. Alimwambia kwa Kiingereza: Jumanne. Njia ndefu. Naenda mbele. Ukikaa, unakaa mpaka nirudi. Unakuja?

Yule mama aliangalia magoti yake, kama anayataka shauri. Akauliza saa ngapi.

Jumanne hapakuwa na ukungu. Walipanda kwa njia ya kuzunguka, na Evance, ambaye siku hiyo ndiye aliyebeba vyakula, alisikika mara mbili tu: mara ya kwanza alianza besikali akaikatisha, mara ya pili aliomba wapumzike. Kila Semeni alipotaka kukagua mbele, alimwambia mama mgeni maneno yale yale manne mafupi: kaa hapa, naenda, nitarudi, subiri. Alimwomba ayarudie kabla hajaondoka. Yule mama aliyarudia kama mwanafunzi mwema, na mara zote tatu Semeni alimkuta juu ya jiwe lake. Saa saba mchana yule mama alikuwa amepiga magoti kwenye maji baridi, pua yake iko karibu kabisa na ua dogo la zambarau, hataki kuinuka.

Jioni hiyo Mzee Bartholomeo alitoa fomu ya kitambulisho, akaijaza kwa mwandiko wake wa ukarani, herufi zimesimama wima. Jina. Mahali alipozaliwa. Njia anazozijua, hapo nafasi haikutosha, akageuza karatasi akaendelea nyuma. Alipofika penye lugha alisita, kalamu hewani.

"Kiingereza niandike nini? Kizuri, cha kati, au kidogo?"

"Kidogo," Semeni alisema. "Lakini andika kwamba kinatosha."